Kupiga picha wadudu wa nyuma ya nyumba: tazama vizuri kabla ya kupuliza dawa

Katika bustani za Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, wengi wakiona mdudu juu ya jani wanakimbilia dawa. Lakini pengine mdudu huyo ndiye analinda jani hilo. Mara nyingi picha moja ya karibu, iliyopigwa vizuri, inatosha kutofautisha adui na rafiki. Na picha ya namna hiyo haiombi pesa nyingi kama watu wanavyofikiri. Inaomba uelewe mwanga, umbali na namba tatu za kamera.

Rafiki na adui wanaofanana

Chukua mfano wa mstari wa maharagi nyuma ya nyumba. Juu ya shina kumejaa vidukari, wale chawa wadogo wa kijani ao weusi wanaofyonza maji ya mmea. Katikati yao anatembea mdudu mwingine: mrefu kiasi, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, miguu sita mbele na tumbo refu nyuma, sura kama ya mamba mdogo. Mwenye bustani akimwona anasema: «Huyu ndiye mkubwa wao», na anamponda. Kumbe huyo ni mtoto wa coccinelle, kile kidudu cha mviringo chenye mgongo mwekundu ao wa chungwa na alama nyeusi. Kabla ya kukomaa, mtoto huyo anakula mamia ya vidukari. Aliyemponda amewasaidia vidukari.

Hata hivyo, wako coccinelle wengine wanaokula majani yenyewe: ya maboga, ya viazi ao ya maharagi. Utawatofautisha namna gani? Ukiwa umesimama tu, ni vigumu kuona. Kwenye picha ya karibu, tofauti inaonekana mara moja. Coccinelle anayekula vidukari ana mgongo laini unaong'aa kama kioo. Yule anayekula majani, mgongo wake umefunikwa na vinyweleo vifupi, kwa hiyo haung'ai. Watoto wake wanajitambulisha zaidi: mwili mzima umejaa miiba yenye matawi, kama vijiti vya mti mkavu.

Hapo ndipo faida ya ufundi huu inaanzia. Bustani ikipuliziwa dawa bila kutazama, marafiki wanakufa pamoja na maadui, na vidukari wanaorudi baadaye hawamkuti tena wa kuwala. Zaidi ya hayo, lengalenga iliyopuliziwa leo inaweza kuwa ndani ya sufuria kesho.

«Makro» maana yake nini?

Wapiga picha wanaita kazi hii makro. Kwa maana kamili, ni picha ambamo mdudu anaingia ndani ya kamera kwa ukubwa wake wa kweli. Ndani ya kila kamera kuna sensa, kipande kidogo kinachopokea mwanga. Kwenye kamera kubwa za kazi, sensa ina milimita 36 kwa 24. Kwenye kamera nyingi za bei ya chini, karibu milimita 23 kwa 15. Sisimizi wa milimita 8 akichukua milimita 8 za sensa hiyo, tunasema ukubwa ni 1:1. Picha hiyo ukiifungua kwenye kompyuta, sisimizi anaweza kujaa sehemu kubwa ya kioo, na unaweza kuhesabu vinyweleo vya miguu yake.

Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera haifikii ukubwa huo. Kuna njia tatu za kufika pale.

Ya kwanza ni kununua lenzi iliyotengenezwa kwa makro, mara nyingi ya milimita 90 hadi 105. Ni nzuri kwa sababu inakuacha mbali kidogo na mdudu, lakini bei yake ni ya juu.

Ya pili ni pete za kurefusha, zile mafundi wa picha wanaita kwa Kifaransa bagues-allonges. Ni mirija mitupu, haina kioo ndani, inayowekwa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: gawa urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Pete za milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 zinaongeza nusu ya ukubwa wa kweli; pete za milimita 50 kwenye lenzi hiyohiyo zinakufikisha 1:1.

Ya tatu ni kugeuza lenzi ya milimita 50 mbele ikae nyuma, kwa kutumia pete ya kugeuzia. Inakaribia ukubwa wa kweli kwa pesa kidogo. Afadhali iwe lenzi ya zamani yenye pete ya kuchagua tundu kwa mkono, maana kamera haiwezi tena kuiamuru. Uangalie pia vumbi, kwa sababu upande wa nyuma wa lenzi unabaki wazi.

Shida kubwa: milimita moja tu

Anayeanza makro anashangaa: picha zake nyingi zina ukungu, hata kama kamera ni mpya. Mara nyingi kosa si la kamera. Ukikaribia mdudu hadi ukubwa wa 1:1, sehemu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba sana. Kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ukiwa umechagua f/8, unene wa sehemu hiyo ni karibu milimita moja. Kwenye f/2.8 unabaki karibu theluthi moja ya milimita. Ukipumua tu, jicho la mdudu limeshatoka ndani ya sehemu hiyo.

Kwa hiyo tundu la lenzi, lile kamera zenye maandishi ya Kifaransa zinaita ouverture, ndilo uamuzi wa kwanza. Kumbuka kwamba namba kubwa ni tundu dogo. Tundu dogo linaongeza unene wa sehemu iliyo wazi, lakini linapunguza mwanga: ukitoka f/8 kwenda f/11, mwanga unabaki nusu, ukifika f/16, unabaki robo.

Wengine wanasema: basi nifunge mpaka f/22, mdudu mzima aonekane. Hapo kuna mtego. Mwanga ukipita katika tundu dogo sana unatawanyika, na picha nzima inapoteza ukali. Katika makro mtego huo unakuja mapema, kwa sababu kwenye 1:1 namba ya tundu inafanya kazi kama imezidishwa mara mbili: f/16 iliyoandikwa kwenye kamera inakuwa kama f/32. Ndiyo maana wengi wanabaki kati ya f/8 na f/13.

Namba tatu za kuanzia

Weka kamera kwenye M, yaani wewe mwenyewe unachagua kila kitu. Kisha chagua namna ya kupata mwanga.

Ukitumia mwanga wa jua peke yake:
– tundu: f/5.6 hadi f/8;
– mwendo: 1/250 ya sekunde ao haraka zaidi, kwa sababu mkono unatetemeka na jani linatikiswa na upepo;
– ISO: 400 hadi 1600, kadiri mwanga ulivyo.

Ukitumia flashi:
– tundu: f/8 hadi f/13;
– mwendo: 1/160 ao 1/200 ya sekunde, maana kamera nyingi hazipokei flashi ya kawaida vizuri ukipita hapo;
– ISO: 100 hadi 400;
– nguvu ya flashi: anza na 1/16, tazama picha, kisha ongeza ao punguza.

ISO ni namna kamera inavyoongeza nguvu ya mwanga iliopata. Ukitoka 200 kwenda 400, picha inang'aa mara mbili, lakini punje-punje zinaanza kuonekana katika sehemu za giza. Usiiogope kupita kiasi. Picha yenye punje kidogo na jicho lililo wazi ina faida kuliko picha safi yenye ukungu.

Kuhusu kulenga, zima ulengaji wa kamera wenyewe na uweke MF. Chagua ukubwa unaotaka kwa kuzungusha pete ya lenzi, kisha usiiguse tena. Sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole, milimita kwa milimita, na ubonyeze jicho la mdudu linapokuwa wazi. Piga picha kumi, utabaki na mbili nzuri. Hata mabingwa wanafanya hivyo. Kama mmea ni mwembamba, shika shina kwa mkono wa kushoto na uegemeze lenzi juu ya mkono huohuo. Upepo ukija, mdudu, mkono na kamera vinatikisika pamoja, na umbali haubadiliki.

Flashi na karatasi nyeupe

Flashi inasaidia kwa njia mbili. Inaleta mwanga ambao tundu dogo limeuzuia, na inasimamisha mwendo. Ikiwa kwenye nguvu ndogo, inawaka kwa muda mfupi sana, sehemu moja ya maelfu ya sekunde, na mtetemeko wa mkono hauonekani tena.

Lakini flashi tupu inaharibu picha. Mgongo wa mdudu unang'aa kama kioo, unapata doa jeupe lisilo na kitu ndani, na chini yake giza tupu. Dawa yake ni kulainisha mwanga. Kata upande wa kibidoni cheupe cha maziwa ao chukua karatasi nyeupe, uiweke kati ya flashi na mdudu, karibu na mdudu iwezekanavyo bila kumgusa. Kadiri kitu cheupe kilivyo kikubwa na karibu, ndivyo vivuli vinavyokuwa laini.

Angalia pia kilicho nyuma ya mdudu. Mwanga wa flashi hauendi mbali. Kama nyuma ni wazi, picha itakuwa na giza kama usiku hata saa sita ya mchana. Jani la kijani likiwa sentimita chache nyuma ya mdudu, picha inapata rangi ya kawaida.

Saa nzuri ni asubuhi

Mwili wa mdudu unategemea joto la nje. Baridi ya usiku inamlegeza. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, na miji kama Butembo iko juu zaidi. Asubuhi ni baridi ya kutosha. Kuanzia saa kumi na mbili ya asubuhi hadi jua lipande kidogo, panzi, vipepeo na kereng'ende wanabaki wamekaa, wengine wakiwa na matone ya umande kwenye macho. Saa tatu ikifika, wameshapata joto na wanaruka ukiwa bado mita moja.

Mkaribie polepole, ukiwa chini, kamera ikiwa kwenye usawa wa macho yake. Usiache kivuli chako kimpite. Kwake kivuli ni ndege anayekuja. Mchana wa jua kali, mwanga unaanguka wima na kufanya vivuli vikali, basi tafuta chini ya migomba ao ngoja wingu.

Wadudu wengine uwatazame bila kuwagusa. Yule mwembamba mwenye mikanda myekundu na myeusi na mabawa mafupi ya bluu iliyokolea, wa milimita 7 hadi 10, ana sumu mwilini inayobabua ngozi ukimponda juu yake. Akikutembelea mkononi, mpulize kwa pumzi, usimpige. Naye pia ni mwindaji wa wadudu wengine bustanini.

Mwenye simu tu naye anaweza

Sensa ya simu ni ndogo sana, na hiyo ina faida: sehemu iliyo wazi inakuwa nene kuliko ile ya kamera kubwa. Ugumu ni kwamba simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu chini ya sentimita 8 hivi. Watu wanaisukuma simu mpaka karibu na mdudu, na picha inajaa ukungu. Rudi nyuma mpaka simu ione wazi, piga, kisha ukate kando za picha baadaye. Bonyeza kioo kwa muda mrefu juu ya mdudu ili simu ishike umbali huo, na upunguze mwangaza kidogo kama mgongo wake unang'aa sana.

Simu za karibuni zina sehemu ya makro ndani yake. iPhone 13 Pro ya mwaka wa 2021, kwa mfano, inaona wazi kitu kilicho sentimita 2 tu. Kwa simu zingine kuna lenzi ndogo za kubana mbele ya kamera. Hata kioo cha kukuza, kile cha wazee wa kusomea maandishi madogo, kikishikwa mbele ya simu bila kutikisika kinafanya kazi. Na kabla ya yote, pangusa kioo cha simu kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole yanaharibu picha nyingi kuliko bei ya simu.

Mahindi na sombe: pale picha inapoamua

Kiwavi-jeshi anayetafuna mahindi ametoka Amerika. Aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016, upande wa magharibi, na kwa muda mfupi alienea karibu inchi zote za kusini mwa Sahara, Kongo ikiwa kati yake. Viwavi wanaofanana naye ni wengi, lakini yeye ana alama mbili ambazo picha ya karibu inazionyesha wazi. Usoni ana mistari ya rangi hafifu inayochora herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mwisho wa mwili, kwenye pingili ya pili kutoka nyuma, ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama kona za mraba. Kwa hiyo piga picha mbili: moja ya kichwa, moja ya mgongo upande wa nyuma. Ongeza ya tatu inayoonyesha moyo wa mhindi na mavi yake yanayofanana na unga wa mbao.

Ukimpata mapema, kazi ya mkono bado inawezekana. Mayai yake yanakaa pamoja juu ya jani, mara nyingi mia moja hadi mia mbili, yamefunikwa na manyoya. Yanapondwa kwa vidole. Walimaji wengi wa Afrika wanatia pia jivu ao mchanga ndani ya moyo wa mhindi. Lakini tazama mayai kwanza: wako nyigu wadogo, chini ya milimita moja, wanaotaga ndani ya mayai hayo na kuyaua. Ukiwakuta juu yake, waache wamalize kazi.

Kwenye mihogo, geuza jani la sombe. Upande wa chini utaona inzi weupe wa karibu milimita moja. Kwa macho ni unga tu; kwenye makro ni wadudu wenye mabawa manne meupe na mwili wa njano. Ndio wanaobeba virusi vya mozaiki, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka ya njano. Anayewaona kwa wingi juu ya mihogo yake ajue kwamba miti yenye majani yaliyokunjwa haifai kutoa vijiti vya kupanda msimu unaokuja.

Picha iende wapi?

Picha iliyobaki ndani ya simu haimsaidii jirani. Iandikie mambo matatu: tarehe, mmea uliomkuta mdudu juu yake, na ukubwa wake. Kwa ukubwa, weka rula ao kichwa cha kiberiti kando yake katika picha moja. Hapo mtaalamu wa kilimo wa teritwari yako anaweza kujibu hata akiwa mbali. FAO na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani walitoa mwaka wa 2018 programu ya simu inayoitwa Nuru, inayosaidia kutambua uharibifu wa kiwavi-jeshi kwenye mahindi hata pasipo intaneti. Iko pia iNaturalist, ambapo watu wa dunia nzima wanasaidiana kutaja majina ya viumbe kwa njia ya picha.

Tahadhari moja kwa ajili ya huku kwetu: simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kama hutaki nyumba yako ijulikane, zima GPS ya kamera kabla ya kupiga, ao kwenye iNaturalist chagua kuficha mahali halisi. Inatosha kutaja mji ao teritwari. Na ukitoka nje ya kiwanja chako na kamera mkononi, kumbuka kwamba kwa wakati huu lenzi ndefu njiani inaleta maswali. Nyuma ya nyumba, mdudu haombi ruhusa.

Kazi hii inaweza kufika mbali. Mpiga picha Mwingereza Levon Biss alionyesha mwaka wa 2016, katika makumbusho ya Oxford, picha za wadudu zenye urefu wa mita kadhaa. Kila moja iliunganishwa kutoka maelfu ya picha ndogo, kila picha ikiwa na sehemu yake nyembamba iliyo wazi. Mtu wa Kivu mwenye kompyuta anaweza kuanza na picha kumi ao ishirini za mdudu aliyetulia, akisogea kidogo kila mara, kisha programu ikaziunganisha.

Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yanahifadhi mamilioni ya wadudu, wengi wao wakiwa wamekusanywa Kongo. Huku kwetu, kituo cha Lwiro katika teritwari ya Kabare, kilichojengwa na taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka wa 1947, kimechunguza viumbe vya eneo hili kwa miaka mingi. Lakini hakuna mtafiti atakayeingia katika kila bustani ya kila familia. Anayejua ni mdudu gani alikula maharagi yake mwaka huu, na katika mwezi gani, ni mwenye bustani. Picha yenye tarehe inamwezesha kulithibitisha neno lake mbele ya mtaalamu, na kumwonyesha jirani yule mamba mdogo wa rangi nyeusi na chungwa ambaye hafai kupondwa.